Mafuta ya kunukia kwa njia rafiki kwa mazingira: kabla ya mashine mpya, tuangalie moto, maji na saa

#1 KoiliMoja

Wakuu, salaam.

Mijadala mingi ya kukamua mafuta ya mimea ya kunukia kwa njia rafiki kwa mazingira huishia kwenye mashine: maikrowevu, altrasaundi (mawimbi ya sauti yasiyosikika), kaboni dayoksaidi ya presha kubwa. Zina kazi yake na najua kuna watu humu watazitetea, karibuni. Ila wengi wetu tuna mtambo wa mvuke tu: pipa la majani, koili (bomba la kupoozea mvuke uliobeba mafuta) na chupa ya kutenganishia mafuta na maji. Mtambo huo unapoteza joto na maji sehemu ambazo hazihitaji uvumbuzi wowote kuzizibia. Tuanze hapo, tena kwa hesabu, maana "kijani" bila hesabu ni rangi tu.

Kilo 1 ya maji ya nyuzi 25 inahitaji kilojuli (kipimo cha nishati) kama 2,570 ili iwe mvuke. Katika hizo, 313 tu ndizo za kuyafikisha maji nyuzi 100. Zilizobaki, 2,257, ni joto fichi, yaani la kuyatoa kwenye hali ya maji na kuyatia kwenye hali ya mvuke. Sasa mvuke ukishapita kwenye majani ukafika kwenye koili, joto lote lile unalimwaga kwenye maji ya kupoozea. Maji yakiingia nyuzi 25 na kutoka 55, kila kilo ya mvuke inakula lita 18 hivi. Watu wanalalamikia kuni huku bomba la kupoozea linamwaga maji shambani kutwa nzima.

Twende kwenye moto. Kuni zilizokauka vizuri zina kama megajuli 15 kwa kilo (megajuli 1 ni kilojuli 1,000). Moto wa wazi chini ya pipa ukikupa asilimia 15 ya joto hilo unakuwa umejitahidi, nayo ni megajuli 2.25, ambazo hazitoshi hata kilo moja ya mvuke. Zungushia tanuri la matofali lenye mlango, wavu wa majivu na bomba la moshi, moshi uzunguke pipa kabla ya kutoka, ufikie asilimia 40. Kilo ile ile ya kuni inakupa mvuke wa kilo 2.3. Hakuna kifaa cha kununua kitakachokupa ongezeko la namna hiyo kwa matofali na udongo.

Na kuni mbichi tuachane nazo. Kila kilo ya maji iliyomo ndani ya kuni inadai joto lake la kugeuka mvuke, na mvuke huo unapaa na moshi bila kugusa jani hata moja. Hii inahusu pia mabaki ya majani yaliyokwisha kukamuliwa. Ni kuni nzuri kabisa, lakini yaanike kwanza. Ukiyasukumia motoni yakiwa yanachuruzika, unazima moto wako mwenyewe.

Kichwa cha pipa na bomba la kwenda kwenye koili vivishe nguo. Watu hufunika pipa, wanasahau kichwa. Kichwa kikiwa uchi, sehemu ya mvuke inageuka maji pale pale na kurudi kwenye majani. Umelipa joto la kuutengeneza, haujabeba mafuta, na sasa majani ya juu yamelowa na kushikamana.

Jambo la nne ni saa, na kwangu mimi hapa ndipo penye utajiri. Watu wanakamua kwa muda wa saa nne au tano kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Chukua chupa ya kutenganishia yenye kioo na alama, soma kimo cha mafuta kila dakika 10, andika. Majani kama mchaichai, mnanaa na mkaratusi hutoa sehemu kubwa ya mafuta mapema, kisha mkondo unashuka. Hata kwa macho unaona: mwanzoni maji yanayotoka kwenye koili yana ukungu mweupe kama yametiwa tone la maziwa, kwa sababu yamebeba vitone vidogo vya mafuta. Kadiri muda unavyokwenda yanaanza kung'aa. Yakishakuwa maangavu kabisa bila ukungu, bado mafuta yanatoka, lakini kwa kila kilo ya kuni unapata matone ya kuhesabu.

Tahadhari moja kabla hamjazima moto: viambato vizito hutoka mwishoni. Ukikata mapema, hupunguzi wingi tu, unabadilisha pia harufu. Kwa mafuta ambayo thamani yake iko kwenye viambato vizito, kama ya mizizi ya vetiva, saa nyingi si ujinga. Kwa mnanaa, mara nyingi ni mazoea.

Mwisho, upakiaji. Mvuke ni mvivu, hufuata njia nyepesi. Ukipakia majani ovyo, unatoboa mashimo na kupanda juu kupitia hapo hapo. Ukifungua pipa baada ya kazi, angalia: ukikuta mafungu ya majani bado ya kijani na yananukia kama yametoka kukatwa, huku ya jirani yamepauka, mvuke ulipita pembeni. Hilo ni fungu la mafuta umelitupa. Shindilia sawasawa kwa tabaka, pembeni zaidi ya katikati, maana kwenye ukuta wa pipa ndipo mvuke unapopenda kuchepukia.

Karibuni tujadili.

#2 MajaniMakavu

Uzi wa maana, mkuu. Swali: kusaga majani kabla ya kuyapakia kunaongeza mafuta? Na kuyakausha je? Nasikia kila mtu na lake.

#3 KoiliMoja

@MajaniMakavu inategemea mmea unaweka mafuta yake wapi, ndiyo maana kila mtu ana lake na wote wanaweza kuwa sahihi.

Mnanaa, mrehani, rozimari na lavenda huyaweka kwenye vifuko vidogo juu ya ngozi ya jani au ua. Ukitazama kwa lenzi unaviona vinameta kama umande. Mvuke ukivigusa vinapasuka, huna haja ya kusaga. Ukisaga, vinapasukia mikononi mwako na mafuta yanapaa kabla pipa halijafungwa. Mizizi, magome na mbegu ni kinyume chake: tangawizi, mdalasini na mbegu za giligilani zimefungia mafuta ndani kabisa, kwa hiyo ponda, tena upakie papo hapo. Mkaratusi na karafuu ziko katikati, mafuta yamo kwenye vishimo chini ya ngozi.

Kukausha, au tuseme kunyausha, kivulini kwa siku moja kunapunguza maji, hivyo pipa lile lile linabeba mimea mingi zaidi na mvuke haupotezi joto kupasha maji ya bure. Juani hapana.

#4 Elektroni

Mkuu KoiliMoja, nakuheshimu ila unawarudisha watu kwenye tanuri wakati dunia imekwenda mbele. Mwaka 2004 Lucchesi, Chemat na Smadja walichapisha kazi ya kukamua mrehani, mnanaa na zaatari kwa maikrowevu bila kuongeza maji wala kiyeyushi chochote. Dakika 30 zilifanya kazi iliyochukua saa 4 na nusu kwa njia ya kuchemsha. Mawimbi yanapasha maji yaliyomo ndani ya jani lenyewe, seli inavimba na kupasuka kutoka ndani, maji yale yale yanageuka mvuke na kubeba mafuta. Pipa kubwa la maji ya kuchemsha halipo kabisa. Mwaka 2008 kundi hilo la Chemat likaja na njia nyingine ambayo chombo kiko juu na kipoozeo kiko chini, mafuta na maji ya mmea vinateremka kwa uzito wake tu.

Hapo tanuri la matofali linaingiaje?

#5 KoiliMoja

Linaingia pale umeme unapokatika 😀

Serious kidogo, mkuu. Kazi hizo nazikubali, na hoja yake ya msingi ni ile ile niliyoisema hapo juu: mzigo mkubwa wa nishati ni kugeuza maji kuwa mvuke, basi punguza maji. Hapo hatugombani.

Ila soma kwa makini walilinganisha na nini. Saa 4 na nusu ni kuchemsha majani ndani ya maji kwenye chombo cha maabara, kile cha Clevenger cha tangu 1928. Huo si mtambo wa mvuke uliopakiwa vizuri na kusimamishwa kwa wakati. Pili, mawimbi ya aina hiyo yanapenya sentimita chache tu kwenye mmea wenye maji. Gramu mia kadhaa kwenye maabara sawa, lakini pipa la kilo 300 halipashwi hivyo, lazima ubuni chombo cha kupitisha mimea kidogo kidogo. Tatu, umeme wako umetoka wapi? Kama ni wa mtambo unaochoma makaa na kutoa theluthi moja tu ya joto lake kama umeme, hesabu hiyo nayo iingie kwenye daftari. Kama ni wa maji au jua, una hoja nzito na mimi nakaa kimya. Nne, njia hiyo inataka mmea mbichi au uliolowekwa. Mimea mikavu kabisa haina maji ya kupashwa.

Na kwa wanaosoma kimya kimya: msijaribu hili na maikrowevu ya jikoni. Kutoboa tundu la bomba kunaruhusu mawimbi kuvuja, na mvuke wa mafuta haya unashika moto. Limonini, kiambato cha mafuta ya maganda ya machungwa, peke yake inaweza kuwaka ikifika nyuzi 48 hivi. Cheche moja tu.

#6 Elektroni

Hoja ya umeme naipokea. Ya ukubwa wa pipa pia, ingawa vyombo vya kupitisha mfululizo vipo viwandani.

Altrasaundi je? Mnaionaje kama hatua ya awali?

#7 KoiliMoja

Kama hatua ya awali ni nzuri kwa mbegu na mizizi. Vipovu vinavyoundwa na mawimbi vinapasuka kandokando ya seli na kuzichana, hivyo muda wa mvuke unapungua. Vimeng'enya vya kula kuta za seli, selulesi na pektinesi, vinafanya kazi ya aina hiyo taratibu kwa joto dogo. Kwa majani yenye vifuko vya nje sioni faida inayolipa usumbufu.

#8 Mama Rehani

Wanangu, mnazunguka. Mnachemsha, mnaunguza, halafu mnashangaa harufu haifanani na ua. Kaboni dayoksaidi ndiyo njia. Ukiibana kupita presha mara 73 ya ile ya hewa na joto likiwa juu ya nyuzi 31, inakuwa si gesi si kimiminika, inapenya kama gesi na kuyeyusha mafuta kama kimiminika. Ukishusha presha inaruka, mafuta yanabaki bila masalia yoyote, na gesi unaikusanya unaitumia tena. Nyuzi 40 au 50 tu, hakuna kinachoungua. Linganisheni na kiyeyushi cha heksani, ambacho kinatokana na petroli na ukikivuta muda mrefu kinaharibu neva.

Mfano mwepesi ni kamomili. Rangi ya bluu mnayoisifia kwenye mafuta yake haimo kwenye ua. Kwenye ua kuna matrisini, haina rangi hiyo, na joto la mvuke ndilo linaivunja na kuifanya kamazulini, ile bluu. Ukikamua kwa kaboni dayoksaidi hupati bluu, unapata kilichomo.

#9 KoiliMoja

Mama, shikamoo. Mfano wa kamomili umenikosha, na kuhusu heksani hatubishani hata kidogo.

Ila mfano huo unathibitisha kitu kingine: hiyo ni bidhaa tofauti. Kiwango cha kimataifa cha ISO 9235 kinatambua mafuta haya kwa njia yalivyopatikana: mvuke au maji, kukamua maganda ya jamii ya machungwa kwa mashine, au kukeneka kwa joto bila kuongeza maji wala mvuke. Cha kaboni dayoksaidi kinaitwa dondoo. Kwa hiyo mnunuzi aliyeagiza mafuta ya kamomili akipelekewa dondoo lisilo la bluu atalirudisha, hata kama ni zuri zaidi.

Halafu presha. Ukiizidisha, gesi inaanza kubeba nta na mafuta mazito ya mmea, unapata kitu kizito kama uji kinachohitaji kutenganishwa tena. Kwa manukato ya kawaida watu hukaa kati ya baa 80 na 100 (baa 1 ni karibu sawa na presha ya hewa ya kawaida). Na chombo cha kuhimili presha hiyo si kazi ya fundi wa kuchomelea mtaani, kikipasuka ni bomu.

#10 Mama Rehani

Marahaba mwanangu. Sijasema kila mtu ajenge nyumbani. Nimesema ndiko ubora uliko. Vikundi viungane, vitumie mtambo mmoja. Hilo la jina la bidhaa ni la wenye karatasi, pua haisomi ISO.

#11 PipaLaShaba

Nacheka na mama hapo 😂

Mimi ni fundi, nachangia upande wa vyuma. Nimeletewa mitambo mingi "mibovu" ambayo ubovu wake ni kufungwa kinyume. Maji ya kupoozea yanatakiwa kuingia chini ya koili na kutokea juu, mvuke ushuke ukikutana na maji baridi zaidi na zaidi. Wengi wanaingiza juu kwa sababu bomba liko karibu. Ukifunga sawasawa na kubana mtiririko, maji yanaweza kutoka nyuzi 80 badala ya 55. Rudini kwenye hesabu ya mtoa mada: zile lita 18 zinashuka hadi kama 10 kwa kila kilo ya mvuke. Hujanunua kitu, umebadilisha mabomba mawili. Muhimu tu, yanayotonea kwenye chupa yawe yamepoa. Ukiona yanafuka, umebana kupita kiasi na mafuta yanaondoka na hewa.

Maji hayo ya nyuzi 80 yarudishe kwenye boila, yaani pale unapochemshia maji ya mvuke. Msitarajie muujiza, unaokoa kama asilimia 9 ya joto, kwa sababu kazi kubwa ni lile joto fichi, siyo kupasha. Yanayobaki yapeleke kwenye tangi pana lenye kivuli, yakipoa yazungushe tena.

Malighafi: chuma kisichoshika kutu au shaba iliyopakwa bati. Mabati hapana, mvuke wa mimea una asidi na unakula zinki. Chuma cha kawaida kinayatia weusi mafuta yenye fenoli, kama ya karafuu. Plastiki kwenye njia ya mafuta ndiyo kabisa, limonini inayeyusha baadhi ya plastiki ukiangalia.

Na hapo kwenye karafuu: mafuta yake ni mazito kuliko maji, yanazama. Chupa ya kutenganishia iliyotengenezwa kwa ajili ya mchaichai inatolea maji chini. Mtu akiitumia kwa karafuu bila kujua, anamwaga mafuta na kubaki na maji. Nimeshuhudia mteja akilaani karafuu zake wakati mafuta yote yalikuwa kwenye ndoo ya maji machafu.

#12 MajaniMakavu

Fundi nimekusoma. Sasa haya maji yanayobaki baada ya kutoa mafuta, yenye harufu, tunayamwaga. Ni sawa?

#13 KoiliMoja

Usiyamwage kabla ya kuyaelewa. Yana mafuta yaliyoyeyuka ndani yake, na kiasi kinategemea mmea. Limonini karibu haiyeyuki, lakini waridi ndiyo mfano mkubwa: kiambato chake kikuu cha harufu, alkoholi ya fenili ethili, kinapenda maji, hivyo sehemu kubwa inabaki humo. Ndiyo maana wakamuaji wa waridi wa Bulgaria huyarudisha maji hayo na kuyakamua tena. Ukizingatia kwamba kilo 1 ya mafuta ya waridi inataka maua kilo 3,000 na zaidi, huwezi kumwaga kitu pale.

Kuyarudisha kwenye boila kunaokoa maji pia. Lakini angalia mmea. Lavenda ina linalili asiteti, na ikikaa muda mrefu kwenye maji yanayochemka inavunjika kuwa linalooli na asidi ya siki. Kwa lavenda weka majani juu ya wavu, mvuke upite kwa muda mfupi, majani yasiguse maji. Kuchemsha lavenda ndani ya maji kunaharibu mafuta na kula kuni kwa wakati mmoja.

Kuna wanaotia chumvi ili mafuta yajitenge. Yanajitenga kweli, kisha unabaki na maji ya chumvi usiyoweza kumwagilia wala kurudisha kwenye chuma. Sipendi.

#14 Elektroni

Na jua? Hakuna aliyeligusa.

#15 KoiliMoja

Swali zuri. Chuo Kikuu cha Kassel, Ujerumani, walijaribu kukamua mimea kwa sahani ya Scheffler, kioo kipana cha kukusanya mwanga wa jua, ya mita za mraba 8. Uzuri wa sahani hiyo ni kwamba inalifuata jua lakini mahali mwanga unapokusanyika hapasogei, kwa hiyo pipa linakaa pale pale. Jua likiwa kali unapata kama kilowati 1.5 kwenye pipa. Gawanya mwenyewe: ni kilo 2 za mvuke kwa saa. Kwa mkulima mwenye shamba dogo na mmea wenye mafuta mengi inatosha. Kwa pipa la kilo 300 unahitaji sahani nyingi au moto wa kusaidia. Wingu likipita katikati ya kazi, mvuke unakufa na majani yanalowa, hivyo tanuri lisibomolewe.

#16 MajaniMakavu

Nitaanza na tanuri na kugeuza mabomba. Nimeenda kuangalia langu sasa hivi, maji yanaingilia juu kama fundi alivyosema. Nina swali dogo: mfuniko wangu unavuja mvuke pembeni, nimefikiria kuukaza kwa boliti nyingi usitoke kabisa.

#17 PipaLaShaba

Simama hapo ndugu. Ukaze, lakini kwanza weka valvu ya usalama kwenye pipa, na hakikisha bomba la kwenda kwenye koili ni pana na halina kona kali. Majani yaliyosagika hupanda na mvuke na kuziba mdomo wa bomba. Mfuniko unaovuja umekuwa ndiyo valvu yako bila wewe kujua. Weka wavu wa matundu madogo chini ya kichwa, uusafishe kila unapobadilisha majani. Kwa kuziba pembeni, unga wa ngano uliokandwa na maji unatosha, mafuta hayaudhuru na presha ikizidi unaachia wenyewe kabla ya chuma.